Wasifu wa marehemu baba: kuukusanya, kuuhakiki, kuusoma na kuuchapa

Mhariri wa Ilala (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Wasifu wa mzee wa familia kwa kawaida huandikwa usiku mmoja, na mtu aliyechoka, kwenye simu, huku waombolezaji wakiingia na kutoka. Matokeo yake tunayajua: kurasa mbili za vyeti na vyeo, halafu mwishoni sentensi moja kwamba "alikuwa mume mwema, baba mwenye upendo na mcheshi kwa watu wote". Aliyeishi na mkewe miaka 40 na kusomesha watoto sita anaishia kupewa mstari mmoja, na mstari wenyewe unamfaa marehemu yeyote.

Nianze na hapo, maana ndipo panapoharibika zaidi. Sifa isiyo na tendo haimtambulishi mtu. Ukiandika "alipenda elimu", msikilizaji anasubiri uendelee. Andika alichofanya: aliuza nini ili ada ilipwe, nani alimpeleka shule ya bweni na kwa usafiri gani, madaftari aliyakagua siku ipi ya juma. Matendo mawili au matatu ya namna hiyo yanatosha wasifu mzima. Yakifika kumi, yanaanza kuchosha.

Matendo hayo hayapatikani kwa kuuliza "baba alikuwaje?". Swali hilo huleta jibu la "alikuwa mtu mzuri sana", kisha machozi. Uliza vitu vinavyojibika. Akirudi kazini alianza na nini? Hela ikiwa haitoshi, alilipa kipi kwanza? Kitu gani hakukubali kifanyike nyumbani kwake? Mama alipougua, nani alipika? Alikuwa akimwita mkewe kwa jina gani? Nani alikuwa anaruhusiwa kumtania?

Waulize watu watano, kila mmoja peke yake, dakika kama 20: mjane, ndugu wa kuzaliwa naye, mtoto wa kwanza, kitinda mimba, na mtu wa kazini au jirani wa siku nyingi. Usiwakusanye pamoja. Mwenye sauti kubwa atasimulia, wengine wataitikia. Na usiache mtoto wa kwanza au wa mwisho kwa kudhani wanajua yale yale. Wa kwanza alilelewa na kijana anayepanga chumba. Wa mwisho alilelewa na mzee mwenye nyumba na kiinua mgongo. Mjane aulizwe asubuhi kabla watu hawajajaa, na mwanamke anayemwamini. Akisema jambo fulani lisiandikwe, lisiandikwe, hata kama ndilo tamu kuliko yote.

Urefu: msibani mtu husoma polepole, kama maneno 100 kwa dakika. Wasifu wa dakika sita ni maneno 600, yaani chini ya kurasa mbili za A4 zenye nafasi ya mstari mmoja na nusu. Ukizidi dakika nane, wanaosimama juani wanaanza mazungumzo yao.

Wenye utaalamu wa uchapaji, kanisa, sheria na uongozaji wa ratiba waongezee.

Mzee wa Kumbukumbu

Nakazia suala la uhakiki, kwa sababu wasifu unabaki kabatini na wajukuu watautumia. Makosa ya miaka na majina ya taasisi ndiyo mengi, na sababu yake ni moja: watu huandika jina la leo kwa jambo la zamani.

Mfano. Aliyeingia reli mwaka 1972 hakuajiriwa na TRC, Shirika la Reli Tanzania. Aliajiriwa na Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na TRC ikaja baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977. Fundi aliyefunga simu miaka ya 1980 hakuwa mtumishi wa TTCL, kampuni ya simu. Lilikuwa Shirika la Posta na Simu, likagawanywa mwaka 1994. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, imeanza mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya zamani, kwa hiyo mtu aliyestaafu mwaka 2005 hakuweza kuchangia huko. Kwa ndugu zetu wa Kenya, aliyemaliza darasa la saba mwaka 1975 alifanya mtihani wa CPE. KCPE ilikuja na mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985.

Mikoa nayo. Njombe, Geita, Katavi na Simiyu imekuwa mikoa mwaka 2012, Songwe mwaka 2016. Kagera iliitwa Ziwa Magharibi hadi 1979. Andika tu "alizaliwa katika kijiji fulani, ambacho sasa kipo mkoa wa Njombe", na mambo yamekwisha.

Tarehe ya kuzaliwa ya wazee wengi ni ya kukadiria. Ukiona 1 Januari au 1 Julai kwenye nyaraka, ujue huenda karani aliijaza tu. Linganisha cheti cha ubatizo, kitambulisho cha taifa, barua ya kwanza ya ajira na cheti cha ndoa. Zikipishana, andika mwaka peke yake. Mwaka nao ukigoma, tumia matukio: alikuwa darasa la ngapi wakati wa uhuru, alikuwa ameoa au bado wakati wa Vita vya Kagera mwaka 1978, mtoto yupi alikuwa mgongoni wakati wa kuhamia kijiji cha ujamaa. Mama na shangazi hukumbuka hivyo vizuri kuliko tarehe.

Umri pia. Mtu wa Novemba 1950 akifariki Machi 2024 ana miaka 73, siyo 74. Kosa hili linachapwa hadi kwenye msalaba.

Dada Mwandiko

Naomba kuuliza kwa niaba ya wengi: sehemu ya familia iandikwe vipi pale ambapo kuna wake wawili, au mtoto wa nje, au mtoto aliyeletwa na mama akiwa mdogo na baba akamlea?

Mhariri wa Ilala

Dada, hapo ndipo misiba mingi inapovunjikia. Kanuni ninayoisimamia: usihesabu kabla ya kikao cha familia, na usitumie idadi pasipo majina. "Ameacha watoto 7" inazua swali la nani hayumo. Majina yote, kwa mpangilio wa kuzaliwa, bila kuwagawa kwa mama, ndiyo njia yenye ugomvi mdogo. Wake wawili: "ameacha wajane wawili", kisha majina kwa mpangilio wa ndoa. Mtoto wa kulea aandikwe pamoja na wenzake kama ndivyo alivyoishi nao, na neno "wa kulea" liwekwe iwapo yeye mwenyewe na mama yake wanaridhia. Waliotangulia watajwe: "alijaliwa watoto 7, wawili wametangulia mbele za haki". Kisha jumlisha tena. Utashangaa ni mara ngapi saba kutoa wawili kunaandikwa sita.

Mtoto ambaye familia haijamkubali wala kumkataa, wasifu si mahali pa kuamua. Andika "ameacha mjane, watoto, wajukuu na vitukuu" bila idadi wala majina kwa wote, kuliko kumtoa mmoja peke yake.

Ndoa ina tarehe zaidi ya moja: siku ya mahari, siku ya kuanza kuishi pamoja, siku ya kanisani au bomani. Chagua moja na useme ni ipi. Ukiandika "walifunga ndoa 1988" na mtoto wa kwanza ni wa 1979, wasikilizaji watapiga hesabu kabla hujafika aya inayofuata. "Walianza maisha pamoja mwaka 1978, na ndoa yao ikabarikiwa kanisani mwaka 1988" haina aibu yoyote.

Wakili Msaidizi

Niongeze upande wa sheria kwa kifupi, maana swali la dada limegusa.

Wasifu si hati ya mirathi, lakini unaweza kugeuka ushahidi. Kenya, vijitabu vya mazishi na matangazo ya kifo gazetini vimeshafikishwa mahakamani kama vielelezo kwenye kesi za urithi. Kwa hiyo usiorodheshe viwanja, nyumba wala akaunti. "Alijenga nyumba ya familia" inatosha. "Ameacha nyumba tatu" inawaita watu.

Jina la marehemu kwenye jalada la kijitabu lilingane na jina litakalokuwa kwenye cheti cha kifo. Tanzania kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30, na cheti hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili na ufilisi. Kama kitambulisho cha taifa kina jina moja, hati ya kiwanja jingine na kitabu cha benki la tatu, yaandikeni yote pembeni sasa hivi. Mtahitaji kiapo cha majina huko mbele. Msimamizi wa mirathi akishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kupeleka orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi minne, na majina yasiyofanana ndiyo yanayomla muda.

Ugonjwa: mjane ndiye aamue kinachosemwa. "Aliugua kwa muda na kutibiwa hospitali" ni sentensi kamili. Taarifa za afya, hasa za VVU, zina ulinzi wa kisheria. Tuhuma dhidi ya daktari au hospitali zisichapwe kwenye kijitabu hata kidogo. Kama kuna malalamiko, yana njia zake.

Mahali pa kuzikwa pathibitishwe kabla ya tangazo la redio kutoka. Wanaokumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno wa Nairobi wanajua: alifariki Desemba 1986, mjane na ukoo wakavutana mahakamani juu ya wapi azikwe, na mazishi yakafanyika Mei 1987.

Karani wa Parokia

Kwa Wakatoliki: mwongozo wa Misa hauruhusu hotuba ya kumsifu marehemu kuchukua nafasi ya mahubiri. Wasifu husomwa nyumbani kabla ya kuondoka, au kanisani kabla ya Misa kuanza, au maneno mafupi baada ya Komunyo, na hilo la mwisho ni kwa ruhusa ya padre. Muulizeni siku moja kabla, msimvizie sakristia. Walutheri mara nyingi wana nafasi ndani ya ratiba ya ibada, lakini dakika zinapangwa na mchungaji.

Tutakachowaomba: cheti au namba ya ubatizo, parokia alikobatizwa, kipaimara, ndoa, na jumuiya yake ndogo ndogo. Kama baba alishiriki jumuiya kila juma kwa miaka 20, hilo liandikwe kwa jina la jumuiya. Nyimbo: wekeni namba pamoja na jina la kitabu, kwa kuwa namba hutofautiana kitabu kwa kitabu, na kwaya ikianza wimbo tofauti na ulio mikononi mwa watu mnavuruga kila kitu.

Bi Nuru wa Tanga

Assalaam aleykum. Kwa sisi Waislamu utaratibu ni mwingine. Mazishi yanaharakishwa, aghalabu siku hiyo hiyo, na makaburini hakuna kusoma wasifu. Kinachosemwa wakati wa jeneza ni kifupi: jina lake, kuombewa msamaha, na tangazo kwamba anayemdai au kudaiwa na marehemu awaone watu fulani wa familia. Tangazo hilo ni la lazima kuliko sifa yoyote. Mali ya marehemu inaanza kulipa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi.

Kwa hiyo kumbukumbu ya maisha ya mzee hupata nafasi kwenye hitma. Hapo muda upo na anaweza kusema mtoto, au jirani wa msikitini. Kumbukeni mjane yuko eda, miezi minne na siku kumi, na kama ana mimba mpaka ajifungue. Msimtake aje ukumbini kuhojiwa wala kupigwa picha. Mfuateni ndani, na awe binti yake au dada yake.

Mambo ya kukusanya hayapishani sana na aliyosema Mhariri. Ongezeni chuo cha Kurani alichosoma na mwalimu wake, alichokuwa akijitolea bila kutangaza (hapa ulizeni imamu, na muulizeni kama inafaa kusemwa), na ndugu aliowalea. Wengi wa baba zetu walilea watoto wa kaka zao bila karatasi yoyote, na hao huja hitmani wakiwa hawatajwi.

MC Mwendo Pole

Upande wa kusoma. Msomaji asiwe mjane, na asiwe mtoto kwa sababu tu ni mkubwa. Mpwa, shemeji au rafiki wa familia mwenye sauti tulivu anafaa. Asome kwa sauti mara mbili usiku uliotangulia, akiwa na mjane pembeni wa kumsahihisha matamshi ya majina ya ukoo na vijiji.

Nakala ya msomaji isiwe kijitabu. Chapa A4 upande mmoja, herufi ukubwa wa 16, namba za kurasa, kwa klipu. Sentensi isikatike ukurasa mmoja ikaishia mwingine, upepo ukipiga mtu anapotea. Nakala ya pili akae nayo MC, tayari kupokea pale msomaji atakaposhindwa. Wekeni alama mapema mahali pa kupokea, mwanzo wa kila aya.

Jambo ambalo watu hawalifikirii ni miaka. "1974" kwa mdomo ni "elfu moja mia tisa sabini na nne", maneno saba. Wasifu wenye miaka 15 unatumia dakika nzima kusoma tarehe tu. Achia kuzaliwa, ndoa, kustaafu na kufariki kwa ukamilifu. Nyingine geuza: "miaka mitatu baadaye", "akiwa na miaka 30". Orodha ya semina na vyeti ibaki kwenye kijitabu, isisomwe.

Salamu nyingine (ukoo, kazini, majirani, chama) zipewe dakika mbili mbili, na kila msemaji aambiwe asirudie wasifu. Lisipofanyika hilo, msibani watasikia mara nne kwamba alizaliwa mwaka fulani.

Mchapaji Kariakoo

Wakuu, mimi ni wa karatasi. Kijitabu cha A5 ni A4 iliyokunjwa, kwa hiyo kurasa zinakwenda kwa nne nne: 4, 8, 12, 16. Mkileta kurasa 9 mtalipa 12, na tatu zitakuwa tupu. Kwa misiba mingi 8 zinatosha. Nakala 200 za kurasa 8 ni A4 400, haifiki rimu moja ya 500. Mkienda kurasa 12 ni A4 600. Gharama inaruka kwa rangi kuliko kwa karatasi, hivyo rangi iwe jalada, ndani nyeusi na nyeupe. Karatasi ya gramu 80 inaonyesha picha ya upande wa pili. Ndani chukua gramu 100, jalada 150 au zaidi.

Picha ndiyo inayotuchelewesha. Picha ya WhatsApp iliyotumwa kama picha inakuwa imeshabanwa, na ikipitia makundi matatu inakuja na ukungu. Itumeni kama faili. Jalada kamili la A5 linataka kama pikseli 1748 kwa 2480. Picha ya pasipoti ya zamani msiipige kwa simu chini ya taa ya tyubu. Itoeni kwenye fremu, iskaniwe kwa dpi 600 (nukta kwa inchi) ili ikikuzwa mara mbili isife. Na msinitumie picha iliyokatwa kichwa cha mama ili baba aonekane peke yake, wakati ipo nzima. Ukurasa wa katikati uwe wa wawili hao.

Leteni PDF. Faili la Word likifunguliwa kwenye mashine nyingine herufi zinabadilika na mistari inasogea. Kwenye kuchapa pande mbili, chagua kugeuza kwa upande mfupi, la sivyo kurasa za nyuma zinasimama kichwa chini. Tunatoa dami moja kwanza, yaani nakala ya majaribio. Isomwe na watu wawili ambao hawakuandika, mmoja asome majina na tarehe tu. Kukunja na kupiga pini nakala 200 kunachukua watu wawili kama saa mbili, na stepla lazima iwe ya mkono mrefu. Anayekuja saa 12 jioni kwa mazishi ya saa 3 asubuhi atapata kazi, ila hatapata muda wa kusahihisha.

Mhazini wa Kamati

Fupi tu: namba ya rambirambi kwenye tangazo iandikwe pamoja na jina linalotokea mtu akituma. Matapeli huchukua bango lile lile, wanabadilisha namba na kulirusha tena kwenye makundi. Na toleo la mtandaoni la kijitabu liondoeni tarehe kamili za kuzaliwa za watoto na namba zao za simu. Laini ya marehemu msiitupe wala kuivunja kabla ya msimamizi kushughulikia salio la hela za simu.

Dada Mwandiko

Asanteni wakuu. La mwisho: kijitabu kimeshachapwa, usiku wa kuamkia mazishi inagundulika jina la mtoto mmoja halimo. Mnafanyaje? Stika?

Mchapaji Kariakoo

Stika inafaa kwa namba ya wimbo au tarehe. Kwa jina la mtoto, hapana. Kila atakayeshika kijitabu atajua alisahauliwa.

Kwenye kijitabu cha kurasa 8 kuna karatasi mbili tu. Ya nje ina kurasa 1, 2, 7 na 8. Ya ndani ina 3, 4, 5 na 6. Ndiyo maana mimi huweka majina ya familia ukurasa wa 4 au 5 kila mara: kosa likitokea unachapa upya karatasi ya ndani, nyeusi na nyeupe, na majalada ya rangi yanabaki salama. Kama pini zimeshapigwa, zifunguliwe kwa kisu butu, karatasi ya ndani ibadilishwe, pini zirudi kwenye matundu yale yale. Nakala 200 kwa watu wanne ni saa moja na nusu hivi. Mkiona muda hautoshi, badilisheni 50 za familia na meza kuu kwanza, nyingine zigawiwe baada ya kurekebishwa, hata kama ni wakati wa chakula. Na nakala ya msomaji isahihishwe kwa kalamu papo hapo, kabla ya kugusa kijitabu chochote, kwa sababu hiyo ndiyo itakayosikika na watu wote.

MC Mwendo Pole

Na ya MC pia.